Bonane: Tusahau Nini, Tukumbuke Nini?

Katika nchi nyingine watu hutakiana heri ya mwaka mpya kwa maneno marefu. Huku kwetu Kivu tumelichukua neno la Kifaransa, tukalitafuna mpaka likawa letu. Bonane ni salamu, Bonane ni siku yenyewe, na tena Bonane ni zawadi. Mtoto akisimama mlangoni pako asubuhi ya tarehe 1 Januari na kusema "Bonane!", hakukusalimu bure. Anangoja andazi, au kipande cha muwa, au ndizi moja tu. Naye akiisha kupewa ataondoka mbio kwenda nyumba ya pili.

Sisi tuliolelewa katika milima ya Masisi na katika misitu ya Walikale tunaijua sana siku hiyo. Kule milimani asubuhi ni baridi kali, ukungu umejaa mabondeni, na ng'ombe husikika kabla hawajaonekana. Watu hushuka kwa vijia kuelekea misioni, akina mama wamevaa vitenge vilivyotunzwa tangu Noeli, watoto wamebeba viatu mkononi ili visichafuke kabla ya kufika mlangoni mwa kanisa. Kule msituni huenda mvua imenyesha usiku kucha, njia ni tope tupu, lakini ngoma ya kanisa ikilia hakuna anayebaki nyumbani. Baada ya Misa ni karamu: mwenye mbuzi achinje mbuzi, asiye na mbuzi apike sombe na maharage, na kasiksi iwe tayari kwa wazee. Hata maskini kabisa hukusudia kwamba siku hiyo watoto wake walale wameshiba. Na wakubwa hawakosi kunong'onezana neno moja: "Tumeuona mwaka." Maana kwetu kuuona mwaka si jambo dogo.

Tena zamani Bonane ilituonyesha jinsi tulivyohitajiana. Masisi na Walikale ni wilaya mbili, lakini ni kama mwili mmoja wenye mikono miwili. Masisi ina malisho, maziwa na jibini yake inayosifiwa hata mbali, ina viazi na maharage. Walikale, iliyo kubwa kuliko wilaya zote za Kivu ya Kaskazini, ina mawese, mihogo, ndizi na samaki wa mito. Mtu wa milimani alishuka na maharage, akapanda na mawese. Mtu wa msituni alipanda na mawese, akashuka na maharage. Hata maji yetu ni hivyo hivyo. Mto Oso unaotoka Masisi hushuka magharibi ukaingia Lowa, na Lowa unapita Walikale hata ukaufikia mto mkubwa Lualaba. Maji yale hayaulizi ni Mhunde au Mnyanga, Mtembo au Mkano, Mhutu au Mtutsi aliyeyachota juu, wala ni nani atakayeyanywa chini.

Mwezi wa kumbukumbu

Wenye elimu wanatuambia kwamba jina la Januari limetoka kwa Waroma wa kale. Hao walikuwa na mungu wao wa uongo, jina lake Janus, aliyechongwa mwenye nyuso mbili: uso mmoja watazama nyuma, uso wa pili watazama mbele. Sanamu ile si ya kuabudiwa, lakini yaweza kutufundisha kitu. Anayeingia mwaka mpya bila kutazama nyuma hajui atokako; anayetazama nyuma tu atajikwaa kwenye kizingiti.

Na sisi watu wa Kivu, tukitazama nyuma katika mwezi huu wa Januari, tunaona mengi. Tarehe 4 Januari ni sikukuu ya taifa, ya kuwakumbuka wale waliouawa Léopoldville mwaka 1959 walipodai uhuru. Tarehe 16 tunakumbuka kifo cha Rais Laurent-Désiré Kabila mwaka 2001, na tarehe 17 kifo cha Patrice Lumumba mwaka 1961. Tarehe 10 Januari 1977 mlima wa moto Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukashuka kwa kasi ya kutisha. Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka tena. Safari hii mto wa moto ulipita katikati ya mji wa Goma, ukaunguza mitaa na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu mamia ya maelfu wakakimbia. Halafu walirudi, wakajenga juu ya mawe yale meusi kabla hayajapoa vizuri. Tarehe 23 Januari 2008 makundi mengi ya silaha yalitia sahihi mapatano ya amani pale Goma, na wengi wetu tulishangilia. Kabla ya mwaka ule kwisha, bunduki zilikuwa zimekwisha kulia tena.

Basi mwaka 2025 ukaja. Watu wa Masisi hawakuwa wamemaliza kupeana Bonane. Tarehe 4 Januari, siku ile ile ya kuwakumbuka mashahidi wa uhuru, kundi la M23 liliingia Masisi mjini. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba katika siku za kwanza za mwaka huo watu zaidi ya 100,000 walikimbia makwao katika wilaya ile. Tarehe 27 Januari Goma nayo ilitekwa. Mwezi Februari kambi za wakimbizi kando ya mji, kama Bulengo na Lushagala, zilibomolewa, na watu waliokuwa wakiishi chini ya mahema wakabeba tena vyombo vyao kichwani. Tarehe 19 Machi vita vikafika Walikale mjini, na mwanzo wa Aprili wapiganaji wakauacha mji ule. Katika miezi mitatu mwaka ulikuwa umechakaa kama nguo ya miaka kumi.

Hatuyasemi hayo ili kuwahuzunisha wasomaji siku ya sikukuu. Tunayasema kwa sababu kila mwaka, Januari ikifika, tunasikia methali moja ikirudiwa barazani, kanisani na hata mezani: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo ni nzuri, nasi twaipenda. Lakini je, tunaielewa?

Je, yaliyopita si ndwele?

Anayesema "yaliyopita si ndwele" mara nyingi anataka kusema: tusitaje mambo ya kale, tusahau, tuanze upya. Kumbe methali yenyewe inaongea habari ya kuganga. Na ni mganga gani agangaye bila kumwuliza mgonjwa maumivu yalianza lini na wapi? Kidonda kilichofunikwa kwa kitambaa safi huonekana kimepona, hata siku kinapotoa harufu. Ugonjwa ulioachwa bila dawa haukupita; umelala tu.

Tuchukue ugonjwa wetu wenyewe. Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilianza kazi ya kuwahamisha watu kutoka Rwanda na kuwakalisha Masisi, hasa upande wa Gishari. Sababu zilikuwa mbili: Rwanda ilikuwa na watu wengi na njaa za mara kwa mara, na mashamba makubwa ya wazungu huku Kivu yalihitaji mikono ya kazi. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1955. Waliohamishwa walikuta tayari wapo Wanyarwanda wengine sehemu za Kivu tangu zamani, tena walikuta wenyeji wenye wafalme wao, mashamba yao na makaburi yao. Watu wa pande zote mbili hawakukutanishwa kupatana; mambo yaliamuliwa juu ya vichwa vyao. Huko ndiko swali la ardhi lilikopandwa: nani mwenye nchi, nani mgeni, na mgeni huacha lini kuwa mgeni?

Swali hilo halikujibiwa vema wakati wa Wabelgiji, wala baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Sheria juu ya uraia zilibadilishwa mara kwa mara, na kila badiliko liliwatia watu wengine furaha na wengine hofu. Tarehe 20 Machi 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, wilaya ya Walikale. Fikirini, ndugu: sokoni! Pale ambapo mawese hukutana na maharage. Kutoka Ntoto vita viliwaka vikapanda mpaka Masisi, jirani akamshambulia jirani, watu maelfu wakafa na wengine wengi sana wakapoteza makao. Mwaka uliofuata, Julai 1994, wakimbizi kama milioni moja waliingia kutoka Rwanda baada ya mauaji ya kimbari yaliyowaua Watutsi kule, na pamoja nao waliingia wenye silaha. Moto uliokuwa ukizimika ukatiwa kuni. Mwezi Mei 1996 watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto, iliyoanzishwa na watawa Watrapisti mwaka 1954, waliuawa huko huko, na watawa wakalazimika kuondoka. Halafu zikafuata vita kubwa za 1996 na 1998, na baada yake nyingine ambazo hata kuzipa majina ni taabu.

Sasa sikilizeni tunavyoyakumbuka hayo. Ukikaa barazani na mzee wa kabila la wenyeji, atakuhesabia kuanzia 1937: jinsi ardhi ya babu zake ilivyokatwa bila yeye kuulizwa. Ukikaa na mzee Mhutu, atakuhesabia kuanzia 1993: jinsi ndugu zake walivyokufa. Ukikaa na mfugaji Mtutsi, atakueleza habari za 1995 na 1996, ng'ombe walivyoliwa na watu wake walivyofukuzwa. Kila mmoja anasema kweli. Hakuna anayesema uwongo. Lakini kila mmoja ameshika ukurasa mmoja wa kitabu na kusema kwamba ndicho kitabu kizima. Wafu wake anawajua kwa majina. Wafu wa jirani anawajua kwa idadi tu, tena anasema idadi hiyo imezidishwa.

Hapo ndipo ilipo ndwele yetu. Kukumbuka si dhambi. Mungu mwenyewe aliwaamuru Waisraeli wakumbuke kila mwaka utumwa wa Misri. Lakini aliwapa na sababu: wakumbuke walivyoonewa ili wao wasimwonee mgeni, yatima na mjane. Ukumbusho wa namna hiyo huzaa huruma. Ukumbusho wa nusu huzaa kisasi, na kisasi hujiita haki.

Hadithi ya Mwindo

Wanyanga wa Walikale wana hadithi ambayo sasa inasomwa hata katika vyuo vikuu vya ng'ambo. Mwaka 1956 msimulizi wao Shekarisi Rureke aliieleza kwa wimbo na ngoma mbele ya Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji, naye pamoja na Kahombo Mateene wakaitoa katika kitabu mwaka 1969. Ni hadithi ya mtoto Mwindo.

Baba yake, Shemwindo, mtawala wa kijiji cha Tubondo, aliamuru wake zake wazae mabinti tu. Mwindo alipozaliwa mwanamume, baba alijaribu kumwua: kwa mkuki, kwa kumzika, na mwisho kwa kumfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hakufa. Alikwenda kwa shangazi yake Iyangura, akarudi na nguvu, na Tubondo ikaangamizwa. Baba akakimbia chini ya ardhi. Mwindo akamfuata huko, akashinda majaribu mengi, akamrudisha.

Mtu angedhani sasa ni zamu ya mwana kumwua baba. Sivyo. Watu waliokufa Tubondo wakafufuliwa kwanza. Halafu mkutano ukaitwa, watu wote wakakaa, na Shemwindo akasimama akaungama hadharani mabaya aliyoyatenda, tangu amri ile ya kwanza. Shangazi naye akasema ukweli wake bila kumwogopa ndugu yake. Baada ya hayo ndipo nchi ikagawanywa: baba upande mmoja, mwana upande mwingine, na amani ikawapo.

Angalieni mpango wa wazee wetu. Hawakusema, "Yaliyopita si ndwele, kaeni mle." Walianza na wafu, wakafuata na ukweli uliosemwa mbele ya wote, kisha wakaja kwenye ardhi, na mwisho ndipo karamu. Sisi siku hizi tunaanza na karamu. Makundi hutia sahihi, picha hupigwa, soda hunywewa, lakini wafu hawakutajwa, ukweli haukusemwa, na ardhi haikugawanywa. Basi kuna ajabu gani mapatano yakivunjika kabla ya Noeli inayofuata?

Wala si Wanyanga peke yao waliojua hivyo. Kule Makunduchi, katika kisiwa cha Unguja, watu wana sikukuu yao ya mwaka, Mwaka Kogwa, ambayo huangukia mwezi wa Julai. Siku hiyo wanaume hupigana kwa migomba, si kwa kuuana, bali ili kinyongo cha mwaka mzima kitoke hadharani na kiishe. Halafu kibanda cha makuti huchomwa moto, na watu hula pamoja. Tena ni desturi kila nyumba ipate mgeni. Sisi hatuna haja ya kuiga migomba yao. Lakini yafaa tuige akili yao: kinyongo kitolewe nje mchana kweupe, kisibebwe mpaka mwaka mwingine kama mzigo wa siri.

Mbegu na mpaka

Mtauliza: sisi watu wadogo tufanye nini? Hatuna jeshi, hatuna wizara, hatukai kwenye meza za Doha au Washington ambako mapatano yalitiwa sahihi mwaka 2025. Ni kweli. Lakini kuna mambo ambayo hata wakubwa hawawezi kuyafanya bila sisi.

La kwanza ni mbegu. Kwetu milimani mwaka wa mkulima hauanzi Januari. Huanza Septemba, mvua zinapotulia na maharage kupandwa. Januari inatukuta katika kuvuna, na mara baada yake, Februari na Machi, tunapanda tena. Basi Bonane ni siku ya mwenye mavuno mkono mmoja na mbegu mkono wa pili. Mama mwenye busara huchagua maharage mazuri kuliko yote, huyachanganya na majivu ili wadudu wasiyaguse, akayaweka mahali ambapo hata njaa haitayaona upesi. Lakini mama aliyekimbia hawezi hayo. Njiani watoto walilia, naye akapika mbegu. Nani atamlaumu? Akirudi, atakuwa na shamba bila cha kupanda, na huo ndio umaskini mbaya kuliko mwingine: kuwa na mvua, kuwa na udongo, kuwa na mikono, na kukosa kopo moja la maharage.

Hapa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, laweza kufanya kazi kubwa. Kila nyumba iliyovuna itoe kopo moja la mbegu kabla ya kula. Mbegu ziwekwe pamoja, na kila arudiye apewe, naye akivuna arudishe kopo lile ili apewe mwingine. Wala asiulizwe kabila lake. Mbegu haina kabila; hujua udongo na mvua tu.

La pili ni gumu kuliko la kwanza, nalo ni mpaka. Tuseme wazi, maana huu ndio msumari uliochoma wengi. Mtu anakimbia, shamba linabaki. Baada ya mwaka mmoja jirani analima kona moja, kwa kuwa pori si zuri. Baada ya miaka miwili analima lote. Baada ya miaka mitatu ananing'oa mimea ya mpaka, na wa nne anauza. Mwenyewe akirudi anakuta nyumba ya mtu asiyemjua, mwenye karatasi iliyotiwa muhuri. Huyo mnunuzi naye pengine ni maskini aliyekimbia kwao, akatoa fedha yake yote. Sasa wako wawili, kila mmoja ana haki machoni pake, na kati yao kuna panga. Ndivyo vita vipya vinavyozaliwa, hata pasipo jemadari.

Sheria ya Musa ilikataza vikali kusogeza alama ya mpaka wa jirani. Sisi tunaongeza: hasa mpaka wa jirani asiyekuwapo. Kulinda shamba la aliyepo si wema mkubwa, maana yeye mwenyewe ana macho. Kulinda shamba la aliyekimbia, na hasa wa kabila lingine, ambaye hujui kama yu hai, hilo ndilo tendo la Kikristo. Ukihitaji kulima kona yake kwa sababu watoto wana njaa, lima. Lakini waite mashahidi wawili wa shirika, sema mbele yao, "Ardhi hii ni ya fulani, mimi naiazima mpaka arudi," na mimea ya mpaka uiache isimame. Maneno hayo machache, yakisemwa na kukumbukwa, yana nguvu kuliko mihuri mingi.

Lipo swali linalobaki: na kama mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioniumiza? Hatutaki kujibu upesi upesi. Wako kati yetu waliouliza swali hilo huku wakilia, na maneno ya haraka huwatia jeraha jingine. Neno moja tu tuseme: kulinda mpaka wake si kusema kwamba hana kosa. Hukumu ya kosa lake ina mahali pake, mbele ya waamuzi na mbele ya Mungu. Lakini shamba halikukosa, na watoto wake hawakukosa. Kusamehe ni safari ndefu. Kutoiba yawezekana kuanzwa leo.

La tatu ni hadithi tunazowaambia watoto. Watoto wengi wa Masisi na Walikale wameanza kusema maneno yao ya kwanza kambini. Hawajui mlima wao kwa macho. Wanaujua kwa masimulizi yetu. Tukiwaambia majina ya wafu wetu tu, watakua wenye kisasi. Tukiwaficha wafu, watasikia habari zao kwa mwenye bunduki, naye atazieleza apendavyo. Afadhali tuwaeleze yote sisi wenyewe: kwamba watu wetu waliuawa, na watu wao pia; kwamba fulani alimficha jirani wa kabila lingine chini ya kitanda siku tatu; kwamba zamani soko la Ntoto lilikuwa mahali pa kukutana. Mtoto apewe kitabu kizima, si ukurasa mmoja.

Na wapewe mfano wa kijana wa kwao. Floribert Bwana Chui wa Goma alikuwa mfanyakazi kijana wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani. Mwaka 2007 alikataa rushwa aliyopewa ili apitishe chakula kilichooza, ambacho kingewadhuru maskini. Aliuawa kwa ajili hiyo. Tarehe 15 Juni 2025, katika mwaka ule ule wa machozi, alitangazwa mwenyeheri pale Roma. Hakuwa askari wala mwanasiasa. Alisema "hapana" mahali pake pa kazi, siku ya kawaida. Mwanzo mpya wa nchi huenda ukawa mdogo kama neno hilo.

Amani ya tarehe moja

Tangu mwaka 1968, kwa agizo la Papa Paulo VI, Kanisa limeifanya tarehe 1 Januari kuwa Siku ya Amani Duniani, siku ambayo tena tunamheshimu Bikira Maria Mama wa Mungu. Mama huyo naye aliuanza uzazi wake safarini, mahali pa wageni, na muda si muda akakimbia usiku na mtoto mgongoni kwenda nchi nyingine. Mama zetu wa Masisi hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Injili inasema pia kwamba aliyahifadhi mambo yote moyoni na kuyatafakari. Hakuyasahau, wala hakuyageuza kuwa sumu.

Kalenda haiwezi kutuletea mwaka mpya. Kalenda hubadilisha namba tu. Mwaka mpya utafika Masisi siku mtu atakaporudi na kukuta mimea ya mpaka wake imesimama, na jirani akimwambia, "Tulikutunzia." Utafika Walikale siku mama wa milimani atakaposhuka tena na kikapu cha maharage, akakalishwa sokoni karibu na muuza mawese, bila kutazama nyuma yake. Huenda siku hiyo isiwe tarehe 1 Januari. Yaweza kuwa Machi, yaweza kuwa Agosti. Siku yo yote itakayokuwa, watoto wapite nyumba kwa nyumba, nasi tuwe na kitu cha kuwatia mkononi.

Mwenyezi Mungu awajalie nyote, mlio nyumbani na mlio njiani, mvua kwa wakati wake na usingizi usio na mlio wa bunduki.